Ukuta wa Bondeni na Mechi ya Mwisho

Jumamosi, 6 Aprili

Ripoti ya ofisi inataka vipimo tu: upana wa ufa, hali ya kenchi za paa, mabati yaliyotoboka. Mengine hayana pa kuandikwa, basi nitayaandika humu. Daftari nimelinunua leo asubuhi wakati gari linajazwa mafuta.

Kazi yangu masika haya ni kuzunguka makanisa matano ya mashambani kila Jumamosi mpaka mvua zikatike. Ni majengo ya zamani, tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo, na mengi hayana mifereji ya kupokea maji ya paa. Maji yanaanguka palepale miaka yote, yanakula msingi polepole. Nimesimamia ujenzi miaka kumi na tisa. Ukuta uliochoka naujua kabla sijateremsha kamba ya timazi.

Nimepewa gari na dereva. Dereva ni mwanamke, anaitwa Mama Pacha, na kwenye tope anaendesha vizuri kuliko wanaume wote niliowahi kukaa nao garini. Kasoro yake ni redio. Tangu tutoke mpaka turudi ni mpira. Timu ya mji wetu inaburuza mkia kwenye ligi, na yeye inamuuma kama jino.

"Dada Fundi, wewe hupendi mpira?"

"Sipendi kelele."

Sikumwambia kwamba mlinda mlango wa timu hiyo, huyo wanayemwita Gundi, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Angeniuliza habari zake, nami sina.

Kanisa la Bondeni ndilo baya. Ukuta wa nyuma, kule inakokaa kwaya, una ufa uliotoka pembe ya dirisha ukapanda hadi kwenye kenchi. Milimita sita. Mwenye funguo ni mzee mfupi, mkavu, mwenye koti la mvua linalomfika visiginoni. Wanamwita Mzee wa Funguo. Alinifuata nyuma hatua kwa hatua kama mwenye duka anayemshuku mteja.

"Huo ufa upo siku zote," akasema.

"Siku zote tangu lini?"

"Tangu siku zote."

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Mume wangu ana mafua na anajiuguza kwa sauti kubwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimebandika vipande viwili vya kioo juu ya ufa wa Bondeni, kila ncha nimeishika kwa saruji. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinapasuka. Nimeandika tarehe pembeni kwa penseli.

Mzee wa Funguo aliniuliza kama nimeleta kioo ili ukuta ujitazame. Saa tisa ilikuwa imefika na kwaya ilikuwa inaingia kwa mazoezi, watu kama thelathini, wakacheka mpaka kiongozi wao akashindwa kuwapa sauti ya kuanzia. Kuanzia leo mimi ni Mama Nyufa.

Nilimwomba mzee wafanyie mazoezi kwingine mpaka masika yapite. Alinijibu taratibu, kama anamweleza mtoto mgumu wa kuelewa.

"Mwanangu, kanisa hili tulilijenga watu kumi na mmoja. Tofali za upande huu nimezipanga mimi. Wenzangu wote wametangulia. Sasa unataka niwaambie nini watu? Kwamba tulijenga vibaya?"

"Sijasema mlijenga vibaya. Nasema maji yamekula msingi."

"Maji yapo siku zote."

Nimetoka pale nimejaa mpaka shingoni. Mimi nina ruhusa ya kupima na kuandika tu. Wa kufunga mlango ni ofisi, au yeye.

Timu imefungwa mbili bila. Mama Pacha alizima redio mpaka mjini.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimetoka kwa muuza mbao nikapita karibu na uwanja, nikasikia kipenga cha mazoezi, nikaongeza mwendo.

Miezi kumi na minne sasa hatusemezani. Tulikuwa kwa shangazi, ukoo mzima mezani, mdogo wangu akaja amechelewa, anachechemea, goti limefungwa bendeji. Ana miaka thelathini na sita. Mimi ndiye mkubwa, mimi niliyemlea mama alipougua, nikaona nina haki. Nikamwambia mbele ya wote: "Utajigaragaza matopeni mpaka lini? Wenzako wana watoto shuleni, wewe una goti." Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Kisha akaweka sahani chini, akamuaga shangazi, akaondoka.

Nilimpigia mara nne, hakupokea. Nikaacha. Nilijiambia nina kazi nyingi.

Jumamosi, 20 Aprili

Vioo vya Bondeni vizima. Mzee wa Funguo alinipokea kwa tabasamu la mshindi, hata akanishikia ngazi. Timu imeshinda. Mama Pacha alipiga honi kijiji kizima.

Jumamosi, 27 Aprili

Vioo bado vizima. Mvua ndogo.

Njiani kurudi, mtangazaji alisema Gundi ameokoa mkwaju wa karibu kabisa kwa kuruka upande wa kulia. Maneno yakanitoka yenyewe: "Kulia ndiko anakoogopa. Tangu utotoni."

Mama Pacha alisimamisha gari. Katikati ya tope, akalisimamisha kabisa, akageuka.

"Utoto wa nani?"

Ikabidi nimwambie, pamoja na ya mezani kwa shangazi. Nilidhani atacheka au atanisema. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliwasha gari, na baada ya kona mbili akapandisha sauti ya redio kidogo, upande wangu.

Jumamosi, 4 Mei

Vioo vyote viwili vimepasuka. Ufa ni milimita tisa. Nimeshusha timazi kwa nje: juu ukuta umeinama sentimita tatu.

Nilimwita mzee aone. Alivitazama vile vioo, kisha akasema labda ni ubora wa kioo.

Nimeandika barua ofisini, nimeipeleka kwa mkono wangu.

Jumatano, 8 Mei

Jibu la ofisi: barua imepokelewa, kamati ya majengo itakaa mwezi Juni. Nimelisoma mara tatu nikitafuta kama kuna mtu ndani yake.

Jumamosi, 11 Mei

Leo nimekosea, au nimesema kweli kwa njia mbaya. Sijui.

Milimita kumi na mbili. Kwaya imekaa palepale, migongo yao ukutani. Nikamwambia mzee afunge. Akasema atafunga ofisi ikimwandikia. Nikamwambia ofisi imelala. Akasema basi na sisi tusubiri iamke. Hapo nikashindwa kujizuia, nikapaza sauti mbele ya kwaya nzima: "Sawa. Siku watu watakapofukuliwa chini ya hizi tofali, uwaambie ulizipanga kwa mikono yako!"

Mzee alichukua kitambaa, akaanza kufuta benchi, akafuta mahali pamoja tu, palepale, mpaka nikatoka.

Garini Mama Pacha alisema, "Ulichosema ni kweli."

"Lakini?"

"Sijasema lakini."

Nilimwona mzee kwenye kioo cha gari, amesimama mlangoni na koti lake refu, mdogo kuliko nilivyomzoea. Nikakumbuka sahani inayowekwa chini.

Jumapili, 12 Mei

Nimeshika simu mara mbili. Nimeiweka.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua bila kupumua tangu jana. Kila ikiongeza nguvu juu ya bati letu, mume wangu ananitazama. Mechi ya mwisho ya ligi ni keshokutwa. Tukipata sare tunabaki, tukifungwa tunashuka. Nimeandika "tunabaki" bila kufikiri.

Jumamosi, 18 Mei

Ninaandika haya Jumapili asubuhi.

Nilitaka tuanzie Bondeni, tufike kabla ya kwaya, nisimame mlangoni mwenyewe nizuie watu. Lakini lori lilikuwa limelala katikati ya barabara ya chini, ikabidi tuzunguke kwa juu. Tukapita kanisa la Mlimani. Paa linavuja sehemu mbili, kuta nzima. Tukapita la Njia Panda, salama. Saa nane tukafika kwenye kijito kinachotutenga na Bondeni. Daraja halikuonekana. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita juu yake kwa kasi, na matawi ndani.

Mama Pacha alishuka, akapima kwa fimbo, akarudi amelowa mpaka mapajani.

"Hapa hapapitiki."

"Niache mimi nivuke kwa miguu."

Alinishika koti. "Dada, mimi nina watoto wanne, na wewe una mume anayeumwa mafua kwa sauti. Hakuna anayevuka."

Simu hazikuwa na mtandao, yake wala yangu. Tukarudi kusubiri kwenye ukumbi wa mbele wa kanisa la Njia Panda, linalotazama kijito, gari limeegeshwa ngazini, milango wazi. Ilipofika saa tisa nilianza kuwaona kichwani: sasa wanaingia. Sasa wanakung'uta miavuli. Sasa wale wa sauti nene wanakaa benchi la nyuma kabisa, wanaegemea.

Saa kumi Mama Pacha akafungua redio. "Nikiizima nitapasuka," akasema. Sikumzuia.

Tulipata bao mapema. Mama Pacha alinikumbatia, maji ya koti lake yakaniingia shingoni. Baada ya mapumziko wakasawazisha. Kisha wakawa wanakuja tu, wanakuja tu, na kila mara mtangazaji anataja Gundi, Gundi, Gundi. Nilikuwa sijawahi kuisikiliza mechi nzima. Sikujua kwamba mtu mmoja anaweza kuachiwa mengi kiasi hicho.

"Krosi inapigwa, Gundi anatoka, anaruka... wamegongana! Wamegongana vibaya! Gundi yuko chini. Hatikisiki. Machela inaingia..."

Redio ikakwaruza, ikafa.

Mama Pacha aliipiga kofi, akageuza kitufe huku na huku, akatoka mvuani kugeuza antena. Hakuna. Basi tukakaa. Mbele yangu kijito, nyuma ya kijito watu thelathini na ukuta, na huko mjini mdogo wangu chini kwenye tope nililomcheka nalo. Hakuna hata kimoja nilichoweza kukigusa. Wiki saba nimezunguka makanisa haya nikitazama dari tu. Jana niliinama. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema, tafadhali, wote. Basi.

Karibu saa kumi na mbili maji yakashuka, kingo za daraja zikaonekana. Mama Pacha alivuka taratibu sana huku anaongea na gari kama na ng'ombe.

Tulipopanda kile kilima kidogo cha mwisho nikaona anga mahali ambapo huwa kuna ukuta.

Ukuta wote ulikuwa umekwenda. Kenchi mbili zilikuwa zimelalia mabenchi ya kwaya, mabati yananing'inia. Sikumbuki kushuka garini. Nakumbuka nilikuwa nimepiga magoti kwenye kifusi natupa tofali nyuma yangu, moja moja, naita, "Kuna mtu? Jamani, kuna mtu?" Mama Pacha naye alikuwa anaita upande wa pili. Kisha akaja, akanishika mikono yote miwili.

"Nyamaza kidogo. Sikiliza."

Walikuwa wanaimba.

Ilitoka chini ya njia, nyumbani kwa Mzee wa Funguo. Tulikimbia. Sebule yake ni ya watu sita, na mlemle walikuwa wamejibana kwaya nzima: sauti nyembamba wamekaa kitandani chumbani, mlango wazi, sauti nene wako barazani chini ya miavuli. Kiongozi alikuwa amesimama juu ya kigoda. Waliponiona, wimbo ukakatika. Mzee alikuwa kwenye mlango wa jikoni, redio ndogo sikioni.

"Nilifunga Alhamisi," akasema, kabla sijauliza.

"Mbona hukunijulisha?"

"Ili uje useme 'nilikuambia'?"

Nilitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Mzee akaniwekea kiti. Akanieleza kwa sauti ya chini, akitazama sakafu, kwamba Jumatano alifunga jiwe kwenye kamba, akapanda ngazi peke yake mvuani, akaliteremsha kwa nje kama alivyoniona nikifanya. Kule chini jiwe halikuugusa ukuta. Alinionyesha kwa vidole vyake pengo lililobaki, upana wa kiganja.

"Nikakaa pale chini," akasema. "Nikawaza wale wenzangu kumi. Nikasema, wangekuwepo wasingeketisha watu hapa. Nikafunga. Leo umeanguka tukiwa ubeti wa pili. Nyumba ilitikisika. Hakuna aliyeendelea kuimba, mpaka nilipowaambia waendelee, maana nilikuwa nataka kulia na sikutaka wanisikie."

"Mzee, maneno yangu ya Jumamosi..."

"Yalikuwa makali."

"Unisamehe."

"Yalikuwa makali," akarudia, "na yalinipandisha ngazi. Kunywa chai."

Mama Pacha alikuwa ameshindwa kuvumilia. "Mzee, samahani, na mpira?"

"Sare! Moja moja. Tumebaki!"

"Na Gundi?"

"Gundi?" Mzee aling'aa uso mzima. "Amepasuka hapa juu ya jicho. Machela imerudi tupu, amekataa kulala. Wamemzungushia bendeji kichwa kizima, akarudi golini kama bibi harusi. Na dakika ya mwisho kabisa akaudaka mmoja, huo sijui aliuona kwa jicho gani."

Nikaketi sakafuni. Kiti kilikuwepo, lakini nilitaka sakafu. Nililia kwa kelele, mbele ya kwaya nzima, na sikuona haya hata chembe.

"Huyu naye vipi?" mzee akauliza. "Si nimesema tumebaki?"

"Gundi ni mdogo wake," Mama Pacha akamwambia. "Tumbo moja."

Mzee alinitazama, akatazama redio yake, akanitazama tena.

"Basi nimeelewa," akasema. "Ukaidi ni wa ukoo."

Jumapili, 19 Mei

Nimekwenda kwake bila kupiga simu. Alifungua mlango, jicho moja limevimba, nyuzi saba juu ya nyusi.

"Umekuja kupima ufa?" akasema.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu kituo cha basi. Yote yalikimbia. Nikamwambia, "Nilikosea kwa shangazi. Nilikuaibisha, na nilikuwa sijui ninachokisema."

Alinipisha nikaingia. Alikaa, anachezea ncha ya bendeji ya goti.

"Kilichoniuma si goti, dada. Miaka kumi na tano nacheza, hujawahi kuja hata mechi moja. Mtu ambaye hajawahi kuja, ananiambia niache."



"Nimekuwa nasikiliza redioni," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Aprili."

Alicheka, akashika jicho kwa maumivu, akaniambia nisimchekeshe. Kisha akaenda jikoni kukaanga mayai, na kutoka huko akaniuliza, bila kugeuka, kama bado napenda yakauke.

Jumatatu, 20 Mei

Nimelala mchana kama mtoto mchanga.

Jumamosi, 25 Mei

Mvua imepungua. Bondeni wameondoa kifusi, wamepanga pembeni tofali zilizo nzima. Mwenyekiti wa kamati ya majengo amefika mwenyewe, viatu vyake vimeharibika. Wametupa ruhusa ya kujenga upya kwa saruji, na mifereji pande zote mbili. Mzee wa Funguo ndiye anayesimamia shimo la msingi. Niliagiza kina cha kiunoni. Wamechimba mpaka kifuani kwake.

"Nilisema kiunoni, mzee."

"Kiuno cha nani? Sijaambiwa."

Alhamisi, 30 Mei

Jua. Nimeanika koti.

Jumamosi, 8 Juni

Hakuna ukaguzi leo, mvua zimekatika. Kulikuwa na mechi ya kirafiki mjini, na mdogo wangu ameshatolewa nyuzi. Nilikwenda na Mama Pacha. Mzee wa Funguo alisafiri tangu alfajiri, amevaa koti lake refu ingawa hapakuwa na wingu, akakataa kukaa jukwaani. Anataka kuona karibu. Tukasimama watatu nyuma ya goli.

Sikujua kwamba goli ni kubwa hivyo. Redioni linaonekana dogo. Mdogo wangu alikuwa peke yake pale katikati, ananitazama nyuma kwa pembe ya jicho, anajifanya hanioni.

Mpira wa kwanza ulipokuja nilipiga ukelele. Wa pili nilimwambia aende kushoto. Wa tatu nilimwambia kulia, asiogope, aruke tu, aruke! Alikwenda kulia akauzuia kwa ncha za vidole, akaanguka, akainuka na tope usoni. Kisha akageuka, mikono kiunoni, uwanja mzima unasikia:

"Dada, nakuomba! Punguza sauti, mabeki wangu hawanisikii!"

Mzee wa Funguo alicheka mpaka akaushika wavu.

Nilipunguza. Kama dakika mbili hivi.